Mwaka wa Somo Moja

Mwezi uliopita tulimzika Baba Mkubwa Dhadho kule Ngao. Historia ya marehemu ilisomwa mbele ya jeneza, na msomaji alipofika mahali pa kusema kwamba marehemu "aliwasomesha watoto wa mdogo wake hadi chuo kikuu", mdogo wangu Jillo, aliyekuwa amesimama ubavuni mwangu, alinigusa kiwiko. Sikumtazama. Nilijua tukitazamana mmoja wetu atacheka au atalia, na pale kaburini hakuna aliyekuwa na haki ya kucheka wala kulia kabla ya watoto wa marehemu wenyewe. Baba Mkubwa hakumsomesha Jillo. Aliyesoma alisoma kwa chai na chapati za hoteli yangu. Lakini nikisema kwamba mzee yule hakuwa na mkono katika masomo ya mdogo wangu nitakuwa mwongo kuliko yule msomaji. Alikuwa nao, na nusura mkono huo uyazime. Nimerudi Garsen nikiwaza mwaka mmoja tu, mwaka nilioujua mto kwa namna nyingine, na nikajua pia kwamba digrii ni kitu gani, mimi ambaye niliacha shule darasa la saba.

Hoteli yangu wakati huo ilikuwa vyumba viwili vya mabati karibu na mahali mabasi ya Lamu yanaposimama kusubiri msafara wa polisi. Chumba cha mbele kilikuwa na meza mbili ndefu na mabenchi yaliyong'arishwa na suruali za abiria. Cha nyuma kilikuwa na magunia ya mchele na unga, kitanda cha kamba, na kidirisha kilichotazama soko la mifugo, hivi kwamba siku ya soko ungeweza kulala kitandani ukasikia bei ya fahali ikipandishwa na kushushwa kana kwamba anayemnunua ni wewe. Humo ndimo Jillo alimorudi kulala alipotoka chuoni mwanzoni mwa mwaka ule. Alishuka na begi moja, akaniamkia, akaketi kwenye gunia. Nilimuuliza, "Umemaliza?" Akajibu, "Miaka minne imekwisha, dada." Mimi nikafurahi. Leo nikilikumbuka jibu lile naona kwamba hakusema uongo hata kidogo. Nilimuuliza kitu kimoja akanijibu kingine, na mimi sikujua kama ni vitu viwili.

Kwetu hakuna aliyejua. Shule ya msingi ulikuwa ukimaliza mwaka unapanda darasa, na ukimaliza madarasa umemaliza shule. Chuo kikuu tulikiona hivyohivyo, shule ndefu zaidi yenye majengo makubwa. Habari zilifika Ngao kabla ya begi lake kufunguliwa. Baba Mkubwa alikuja mwenyewe Garsen, akala wali na samaki wa nazi, akanawa, akanyoosha miguu chini ya meza, akatangaza kwa sauti ya kusikiwa na hoteli nzima kwamba mtoto wa ukoo wetu atatolewa. Kutolewa kwetu si jambo dogo. Mtu wa kwanza wa ukoo kufika mahali ambapo hakuna aliyefika hukaa nyumbani kwa mkubwa wa ukoo kutoka Jumapili moja hadi ya pili. Hatoki, hafanyi kazi, watu wanakuja kumwona na kula naye, na Jumapili ya mwisho anapelekwa kanisani kuombewa. Asiyekaa wiki hiyo anahesabiwa ameikataa baraka ya watu wake. "Mpunga ukishavunwa tu," Baba Mkubwa alisema. "Nimeshazungumza na wazee." Jillo alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha nyuma. Alisema, "Ahsante, Baba," na akarudi ndani. Sahani yake niliikuta baadaye, mchuzi umeganda juu ya wali.

Jirani yangu alikuwa Halimo, Msomali mwenye duka la vitambaa na maziwa, mama mwenye kicheko kikubwa ambaye aliniita abaayo, yaani dada, tangu siku nilipopanga pale. Yeye ndiye wa kwanza kuona. Alikuja asubuhi moja na kibuyu cha maziwa, akamtazama Jillo aliyekuwa ameketi nje akitazama barabara, akaniuliza, "Abaayo, huyu kijana yako amesoma mpaka maneno yameisha?" Nilicheka. Hakucheka mwenzangu. "Mimi nauza ng'ombe tangu niko msichana," alisema. "Ng'ombe akisimama hivyo, mbali na wengine, hali, hanywi, sisi hatusemi amechoka. Sisi tunaita mtu amtazame." Nikamwambia kijana anangoja mahafali, anawaza kazi. "Haya," Halimo akasema, akinimiminia maziwa. "Mahafali ni lini?" Nikafungua mdomo kumjibu, na nikagundua sijui. Nilikuwa nimemuuliza Jillo mara nyingi, na kila mara alinijibu kitu ambacho baadaye sikuweza kukirudia.

Nikaanza kumtazama. Alikuwa akinisaidia hotelini vizuri tu, lakini wakiingia vijana wenye mabegi ya mgongoni, wanafunzi waliokuwa wakienda Lamu au wakitoka, alikuwa akitafuta kazi ya nyuma. Kuni zilimwita ghafla. Siku moja msafara ulichelewa, na wanafunzi kadhaa wakakaa kwangu asubuhi nzima wakila mahamri na kubishana. Mimi nilikuwa nasukuma chapati. Msichana mmoja mwenye ushungi wa kijani alikuwa akimcheka mwenzake. "Wewe joho ulishapiga nalo picha studio, na jina halimo kwenye orodha ya mahafali!" Wengine wakaangua kicheko. Kijana mwenyewe akasema, "Sapu moja tu, niacheni." Nikamuuliza yule msichana, huku nikimwongezea chai, sapu ni nini. "Ni mtihani wa kurudia, mama. Amefeli yuniti, yaani somo moja." Nikasema, "Lakini si amemaliza miaka yake?" Msichana akanitazama kwa upole ule ambao watoto waliosoma huwa nao kwa watu kama mimi. "Miaka amemaliza, mama. Digrii bado. Kuna wengine wako nyumbani mwaka wa tatu huu wanasema wamemaliza. Hata mama zao hawajui." Chapati iliyokuwa juu ya moto iliungua upande mmoja. Nikaitoa, nikaweka nyingine. Kutoka chumba cha nyuma hapakutoka sauti yoyote, wala ya kuni wala ya mtu.

Walipoondoka niliweka ungo wa mchele katikati ya sakafu ya chumba cha nyuma, nikamwambia Jillo aje tuchague mawe. Tangu akiwa mdogo alikuwa akizungumza vizuri zaidi mikono yake ikiwa na kazi. Tulichagua kwa muda. Nje mnada wa mbuzi ulikuwa unaendelea. Nikamuuliza, "Ni somo gani?" Hakujifanya hajaelewa. "Takwimu," akasema. "La mwaka wa pili." Nikamuuliza alifeli? Akasema hakufeli, hakuufanya mtihani. "Bibi alipofariki, Baba Mkubwa alinipigia simu nije nizike. Mtihani ulikuwa umebaki huo mmoja. Nilimwendea mwalimu wa somo, nikamweleza. Akaniambia pole, nenda kazike, ukirudi tutaona. Nikaenda. Niliporudi alikuwa amekwenda kusoma ng'ambo." Nikamwuliza kama alimweleza mtu mwingine. "Nilishapewa ruhusa, dada. Nimweleze nani tena?" Na mimi niliyekuwa nikimsikiliza niliona amefanya sawa kabisa. Kwetu mkubwa akikuambia nenda, umeruhusiwa. Hakuna mtu angerudi kumwambia aandike alichokwisha kusema. Ingekuwa ni kumwita mwongo. Miaka miwili mtoto huyu alitembea na neno la mtu mfukoni akidhani ni kitu kinachohesabika, na siku alipogundua kwamba hakihesabiki, kila mtu alikuwa tayari anamwita mwalimu, maana ualimu ndio aliokwenda kusomea.

"Sasa linafundishwa lini?" nikauliza. Akachukua jiwe dogo kwenye mchele akalishika muda mrefu. "Sasa hivi," akasema. "Muhula umeshaanza."

Nilimwachia Halimo funguo za hoteli, na kesho yake tukasafiri. Chuo kilikuwa mbali, bara, mahali penye baridi na miti iliyopandwa kwa mstari. Nilivaa leso mbili na viatu vya kanisani. Tulikaa kwenye korido ndefu iliyonuka rangi mpya, na wanafunzi waliokuwa wakipita walimtazama Jillo kama watu wanaomtazama aliyesemwa amekufa. Mmoja alisimama akasema, "We Jillo, si tulisikia umeajiriwa Hola?" Jillo akatabasamu tu. Ndipo nilipojua kwamba uongo wa Ngao ulikuwa na ndugu yake huku chuoni, na kwamba mdogo wangu alikuwa amekaa katikati ya uongo huo wa pande mbili, hana mahali pa kushuka.

Mkuu wa idara alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imening'inia shingoni kwa kamba. Alitutazama wote wawili. "Wewe ni mama yake?" Nikajibu, "Ni dada yake. Lakini wewe sema nami kama mama." Akatabasamu kidogo, akatuonyesha viti. Mimi ndiye niliyeuliza maswali, kwa sababu Jillo alikuwa amekwisha kujaa aibu. Nilimwambia kwamba kwetu tunaona kijana amekaa miaka minne, na sasa tunaambiwa hajamaliza, na mimi nataka kuelewa kwa maneno ya kawaida. Nilifikiri atanicheka. Alivaa miwani yake, akasogeza kikombe cha chai pembeni.

"Mama, hapa hatuhesabu miaka uliyokaa," alisema. "Tunahesabu ulichofaulu. Kila digrii ina masomo yake. Mengine mwanafunzi anachagua. Akikosa hili anaweza kuchukua lile. Mengine ni ya lazima. La lazima halina badala, hata kama umepata alama za juu katika mengine yote. Halafu kuna mazoezi ya kufundisha, na kuna utafiti wa mwisho. Kijana wako ana hayo yote, na ameyafanya vizuri. Anakosa takwimu, na takwimu ni ya lazima." Nikamwambia juu ya msiba na yule mwalimu aliyempa ruhusa. Alinisikiliza hadi mwisho, na nilimwona anaumia. "Naamini," akasema. "Lakini ruhusa ya kukosa mtihani inaombwa kwa maandishi kabla, au mara tu baada, na ushahidi wa msiba. Angefanya hivyo angepewa mtihani maalumu, na leo tusingekuwa tunazungumza. Asipofanya hivyo anaandikwa hakuwepo, na hakuwepo kwetu ni sifuri." Nikasema, "Basi alifanye sasa." Akasema ndiyo, analirudia somo zima, na hapo akamgeukia Jillo, na sauti yake ikabadilika. "Ulikuwa wapi wiki hizi zote? Usipohudhuria theluthi mbili ya vipindi huruhusiwi kufanya mtihani. Umebakiza nafasi ndogo sana. Ukikosa wiki moja nyingine, umejifungia mlango mwenyewe." Kisha akanieleza mimi lile la mwisho. "Na mwakani somo hili halitakuwepo. Mtaala unabadilishwa. Atakayebaki na deni la mtaala wa zamani atahamishiwa mpya, na humo yamo masomo ambayo hajawahi kuyagusa. Si mwaka mmoja huo. Na muda wa mwisho wa kuwa mwanafunzi nao una kikomo."

Tulitoka nje tukaketi kwenye nyasi. Nilimwuliza Jillo kama amesikia. Akasema, "Wiki ya kutolewa, dada." Nilikuwa tayari nimeiwaza. Baba Mkubwa alikuwa ametaja Jumapili, mchele wa watu ulikuwa umeshachangwa, na Jillo alitakiwa akae Ngao wiki nzima bila kutoka, akishukuriwa kwa kitu ambacho wiki hiyohiyo ingemnyang'anya. Nikamwambia abaki. "Na Baba Mkubwa?" Nikamwambia Baba Mkubwa niachie mimi. Akanishika mkono kama alivyokuwa akifanya zamani tukivuka sokoni. "Atasema umenikataza baraka." Nikamwambia atasema, na wewe utakuwa darasani.

Nilirudi peke yangu. Garsen palikuwa na jua kali na mbingu nyeupe, lakini mto ulikuwa umebadilika rangi. Mtu asiyetoka kwetu haelewi jambo hili: maji yetu ya mafuriko hayaji na mvua yetu. Mvua inanyesha milimani, mbali, kwa watu tusiowajua, na sisi tunaanika nguo na kupepeta mchele huku maji yakiwa njiani. Unaona tu mto umekuwa mzito na kimya, unapita na matawi mabichi ya miti isiyoota kwetu. Halimo aliniambia wafugaji wameshaanza kuhamisha ng'ombe kwenda juu. "Wazee hawapendi hiyo rangi," alisema. Sikukaa. Nilienda Ngao.

Baba Mkubwa alikuwa barazani, na ndani ya ua wanawake walikuwa wakitwanga mpunga wa sherehe. Mama Mkubwa, mkewe, alinipungia mchi kwa furaha. Nilipiga goti, nikamwamkia mzee. Akauliza, "Jillo yuko wapi?"

"Amerudi chuoni, Baba."

"Kuchukua nini?"

"Kumaliza. Amebakisha somo moja."

"Moja kati ya mangapi?"

"Kati ya mengi, Baba."

Akacheka, akawageukia wanawake kama anayewagawia kichekesho. "Mtu akilima shamba zima akabakisha pembe moja, mtasema hajalima?" Wakacheka. Nikamwambia kule wanasema hivyo, hajalima. Kicheko kikakatika. Akaniuliza ni somo gani hilo na lilibakije, na nikamweleza lote, ruhusa ya mdomo, mwalimu aliyeondoka, mtihani ulioandikwa hakuwepo. Nilieleza taratibu, bila kumtaja aliyepiga simu. Lakini hakuwa mjinga. Aliufikia mwisho wa habari kabla yangu.

"Mimi ndiye niliyemwita akazike bibi yake," alisema. "Unataka kuniambia mimi ndiye niliyemfelisha?"

"Sijasema hivyo, Baba."

"Unataka watu hawa wote wajue hivyo. Hicho ndicho ulichokuja nacho." Mchi ulisimama. Baba Mkubwa alizungumza polepole, akitazama mtoni. "Aliyezika ameruhusiwa na Mungu. Mimi nimesema amemaliza, na wazee wamesema. Mwambie aje Jumapili. Asipokuja, na wewe usije. Na maji hayo mnayaona. Watu wakisema shukrani ilirudishwa na maji yakapanda, usinitafute nikutetee."

Nilirudi Garsen. Siku zilizobaki zilikuwa nzito. Nilipika nisijue ninachopika, wateja wakanilalamikia chumvi. Jillo hakuwa na simu ya kupiga kila siku, na kila simu ya dukani kwa Halimo ilipolia nilidhani ni yeye anasema amepanda basi, anakuja, ameshindwa kuvumilia. Hakupiga. Jumapili ilipofika nilivaa, nikaenda Ngao.

Ua ulikuwa umejaa. Kulikuwa na mikeka, masufuria ya wali, kuku, ndizi za kuchemsha, watoto wamevaa nguo safi, na kiti kimoja kimefunikwa leso mpya katikati, kitupu. Watu walikuwa wakila kwa macho na kuuliza kwa minong'ono. Baba Mkubwa alikuwa akisema kijana amecheleweshwa na barabara, atafika. Nadhani alikuwa ameanza kuamini mwenyewe. Nilisimama karibu na kile kiti. Sikuwa nimewahi kusema mbele ya watu wengi hivyo. Nikasema, "Wazazi wangu, Jillo hayuko barabarani. Yuko darasani. Amebakisha somo moja, na hilo moja linamzuia. Akikaa hapa wiki hii hatamaliza tena. Tuleni chakula hiki cha Baba Mkubwa, yeye ndiye mwenye karamu. Lakini tusiseme amemaliza. Bado." Kuku mmoja aliyebaki hai alipita katikati ya mikeka. Kisha bibi mmoja kizee, nyuma kabisa, akauliza kwa sauti, "Sasa wali huu tumempikia nani?" Mtu mmoja akacheka, akanyamazishwa. Baba Mkubwa aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Watu walikula. Sijawahi kusikia umati ukila kimya namna ile, vidole na sahani tu.

Maji yalifika katikati ya wiki hiyo, jua likiwaka. Yalipanda usawa wa mashamba, yakalala juu ya mpunga uliobaki, yakakata barabara pande zote. Garsen ikawa kisiwa. Hakuna basi la Lamu, hakuna la Malindi. Nilikaa hotelini na Halimo tukitazama magunia yangu niliyokuwa nimeyainua juu ya meza. "Mimi sijui mambo ya kanisa yenu," aliniambia, "lakini hii maji ilitoka milimani kabla wewe hujasimama kusema. Hesabu mwenyewe." Ni Halimo peke yake aliyeniambia hivyo. Kule Ngao nilisikia yaliyosemwa. Nilikuwa najua pia jambo lingine ambalo sikulisema kwa mtu: Jillo angekuwa kwenye kile kiti, maji yangemkuta huko, na wiki moja ingekuwa nyingi. Nililishika hilo kama mtu anavyoshika nguzo, lakini halikunipa usingizi wala hamu ya chakula. Kuwa sahihi kulinifanya mpweke kuliko nilivyowahi kuwa.

Maji yalipopungua watu walirudi kugawana ardhi mpya, maana mto ukishapita hubadilisha mipaka na wakubwa wa ukoo hukaa kuipanga upya. Shamba la marehemu baba yetu, lile la bondeni ambalo nililima tangu nikiwa msichana, Baba Mkubwa alimpa binamu yetu. Hakumtuma mtu kuniambia. Nilikwenda na jembe nikamkuta binamu anapanda. Aliona aibu. "Dada, mimi nimeelekezwa tu," alisema. Jioni moja Jillo alipata simu ya rafiki, akapiga kupitia duka la Halimo. Aliuliza juu ya maji, juu ya hoteli. Kisha akauliza, "Na shamba limepona?" Nikamwambia, "Soma." Akauliza tena, "Dada, shamba?" Nikarudia, "Soma, Jillo," nikampa Halimo simu.

Alifanya mtihani. Tukangoja matokeo, na kungoja huko kulikuwa kubaya kuliko maji, kwa sababu sasa nilikuwa nimeelewa vya kutosha kuogopa. Nilijua alama zinaweza kupotea. Nilijua kwamba hata akifaulu lazima jina lipite kwenye idara, kisha kitivo, kisha baraza la juu la chuo, na kwamba kila mlango una mtu anayeweza kusema bado. Aliponipigia hatimaye hakusema nimefaulu. Alisema, "Dada, jina limepitishwa." Nikamuuliza na nani. "Na wote," akasema.

Mahafali nilihudhuria peke yangu katika ukoo wetu. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nyuma kabisa ya uwanja, kati ya familia zenye maua na ngoma. Wahitimu waliinuliwa kwa makundi, na mkubwa mmoja akasema maneno marefu kwa Kiingereza, na kijana aliyekuwa karibu nami akanitafsiria: hawa wametimiza yote yanayotakiwa. Yote. Nililisikia neno lile peke yake. Mama mmoja alipiga kigelegele karibu na sikio langu. Mimi nilikuwa nikimtafuta Jillo katika weusi wa majoho, na nilipomwona, alikuwa hajatabasamu bado. Alikuwa anatazama kulia na kushoto, kama mtu anayengoja kuambiwa kuna kosa.

Tuliporudi, Jillo alisisitiza tuanzie Ngao. Nilimwambia si lazima. Akasema, "Nilishukuriwa bure, dada. Acha niende nikashukuru mwenyewe." Tulimkuta Baba Mkubwa barazani palepale. Jillo alivua viatu, akapiga goti, akamwamkia kwa heshima zote. Mzee alimjibu. Alikuwa amekonda. Jillo akasema, "Baba, sasa nimemaliza."

Baba Mkubwa alimtazama muda mrefu, kisha akanitazama mimi, kisha akautazama mto.

"Mimi nilishasema umemaliza," alisema. "Ninyi ndio mliochelewa."

Nyuma yake mlango ulifunguka kidogo, Mama Mkubwa akatokeza na kopo la maji ya kunywa mkononi, kama inavyopaswa mgeni anapofika. Alisimama kizingitini akamtazama mumewe. Mumewe hakugeuka. Akangoja. Kisha akarudi ndani polepole, na tuliokuwa barazani tukasikia maji yakimiminwa, yakirudi mtungini.